Gari la Marehemu Haliungurumi

Flavia hakuyakumbuka vizuri mazishi ya mumewe. Alikumbuka kwamba mtu alimvua viatu, na kwamba kikombe cha uji kilipoa mkononi mwake. Mengine alisimuliwa, akayasikiliza kama habari za msiba wa jirani.

Alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay, ambako siku ya anga safi milima ya Malawi huonekana ng'ambo ya ziwa. Aliolewa na Jonas, Mmatengo wa vilima vya juu ya mji wa Mbinga, wakahamia Blantyre, na huko Jonas akazeekea kwenye ufundi wa magari. Biashara ya kahawa ya Mbinga ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, Jonas alisema sasa turudi nyumbani, mwenye gari hatakosa mzigo. Akiba yote ya maisha yao wakaigeuza Pijo moja nyeupe.

Lakini kuona Malawi si kufika, na gari halivuki ziwa kwa mtumbwi. Ikabidi wazunguke kwa mpaka wa Kasumulu, Mbeya, Njombe, mpaka Songea. Jonas alikuwa mgonjwa tayari. Alilaza kiti chake nyuma kabisa, akafumba macho, na Flavia akaendesha njia nzima. Mpakani walipewa kibali cha muda kwa jina la Jonas: kabla hakijaisha, alipe ushuru au aombe msamaha wa raia anayerejea na mali yake. Jonas alisema akipata nafuu watakwenda forodhani. Nafuu haikuja.

Sasa, katika ukoo wa Jonas, kitu cha marehemu hakiguswi kabla matanga hayajaondolewa. Jembe lake halilimi, redio yake haisemi. Magari wazee wa zamani hawakuyajua, lakini wa leo hawakushindwa kuyatafutia sheria: gari la marehemu haliungurumi. Mansuetus, kaka mkubwa wa marehemu, akauchukua ufunguo. Pijo ikabaki kando ya mibuni na vibao vyake vya namba za Malawi, kuku wakawa wanataga chini yake.

Mansuetus ndiye aliyemtuma Flavia forodhani Songea. Alikwenda kwa sababu aliambiwa aende. Angeambiwa akae, angekaa. Ofisa wa huko, mtu wa Tanga mwenye sauti ya upole, aliisoma barua ya parokia iliyothibitisha mazishi, akasema msamaha unaweza kuhamia kwa mjane, kwa kuwa waliishi wote ugenini na kurejea pamoja. Sharti ni moja: yeye ofisa alione gari na namba zake kabla kibali hakijaisha. Ijumaa angekuwa Mbinga mjini kukagua magari. Kibali kikiisha, gari lirudi lilikotoka au litaifishwe.

Matanga yalikuwa yaondolewe baada ya Ijumaa hiyo, kibali kikiwa kimekwisha. Kwa hiyo ama Flavia avunje mwiko wa watu waliompokea, ama apoteze kitu pekee alichoachiwa. Mtu mwingine angekosa usingizi. Flavia alilala, akaamka, akachambua maharage.

Wazee walikaa Jumapili baada ya misa. Mmoja alinung'unika kwamba serikali haina matanga. "Na sisi hatuna forodha," Mansuetus akamjibu. Wakabishana mpaka pombe ikaisha, kisha Mansuetus akasema neno la mwisho: "Marehemu hatukumtembeza, tulimbeba. Na gari lake tutalisukuma."

Ijumaa asubuhi Mansuetus alichomeka ufunguo ili usukani ufunguke, basi, injini haikuwashwa. Flavia akaketi kwenye usukani, maana ndiye pekee aliyejua kuendesha, na karibu ukoo mzima ukashika gari, wengine wakisukuma, wengine wakilizuia kwa kamba kwenye miteremko. Wanawake wakafuata nyuma na nyimbo za kanisani, kwa kuwa hakuna aliyejua nyimbo za kwendea forodhani.

Njiani watu walidhani mwili umo ndani. Wakatua mizigo yao, wakavua kofia, wakauliza nani amefariki. Mansuetus akajibu kila mara: ndugu yetu, Jonas. Walimpa Flavia pole dirishani, wakaweka unga na mayai kwenye kiti cha nyuma. Alisema asante. Mkono wake ulipeana mikono na watu bila yeye.

Ofisa alitoka na kalamu sikioni, akaona umati, akavua kofia naye. Hakuuliza kwa nini gari limesukumwa. Alinakili namba ya injini, akamwandika Flavia kuwa mwenye gari, akagonga muhuri. Ukoo ukashusha pumzi. Flavia hakusikia chochote, hata furaha.

Ilibaki namba moja ndogo sakafuni, nyuma ya kiti cha abiria. Ofisa akafungua mlango, akavuta mpini, na kiti kilichokuwa kimelazwa tangu Blantyre kikainuka, kikasimama wima. Kilikuwa kitupu.

Flavia alikitazama. Kisha akalia, kilio cha kutoka tumboni, na wanawake wakamzunguka kana kwamba msiba umeingia saa ile. Ofisa aliyekuwa amepiga magoti aliinuka, akauliza kama ameharibu kitu.

"Hujaharibu, bwana," Mansuetus akasema. "Tulikuwa tunamngojea alie."

Ndipo walipogutuka kwamba njia ya kurudi ni mlima mtupu, na katika wazee wote wale hakuna aliyewaza hilo. Pijo ikaachwa kwenye uwanja wa parokia mpaka matanga yaondolewe, nao wakapanda kwa miguu. Flavia alitembea katikati ya wanawake, uso umemvimba, akilia bado.

Karibu na nyumbani bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alisimama. Walimwamkia, akaitikia, akauliza ni kilio cha nani. Mansuetus alifungua kinywa kujibu kama alivyojibu kutwa nzima, lakini Flavia alimtangulia.

"Ni cha mume wangu, bibi. Jonas amekufa."