Kishikio cha Kitanda cha Mama

Mama alianza kujinyima chai kabla sisi hatujatambua. Kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha upande wake wa kushoto, na ingawa mguu ulikuwa umeanza kupata nguvu, hakuweza kuinuka kitandani bila kuvutwa. Aliyemvuta ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, mshonaji mwenye kibanda sokoni Kombewa, anayelala naye nyumba moja. Mama hakupenda kumwita kila mara. Basi alipunguza sababu za kwenda chooni: nusu kikombe asubuhi, kisha hakuna kitu hadi kesho yake. Daktari alimtazama midomo iliyokauka, akatuambia kwamba asipokunywa atarudi kulazwa.

Mimi hufundisha Kisumu na huenda nyumbani kila Jumamosi. Nilikuwa nimekwisha kumtengenezea kiti cha chooni, na kumfungia kamba ya nyavu kwenye vigingi kutoka mlangoni hadi huko. Vyote viwili vilimfaa, kwa kuwa nilivipima mwenyewe. Kilichobaki ni kitanda, na kitanda kilikuwa mahali nisipofika. Kwetu, mwana wa kiume aliyekwisha kujenga nyumba yake haingii chumba anacholala mama yake. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kujadiliwa, wala Mama hakuwahi. Mjukuu hana kizuizi hicho; kwa hiyo nilimwomba mpwa wangu apime kwa utepe wake wa kushonea. Kutoka sakafuni hadi juu ya godoro alipata sentimita hamsini na nane.

Fundi wa mitumbwi ufukweni aliniachia vipande vya mbao ngumu. Niliviunga kwa bolti, nikavipiga msasa, na sehemu ya kushika nikaizungushia mpira wa baiskeli. Kwa hesabu yangu, kishikio kilipaswa kusimama sentimita ishirini juu ya godoro, ili kiwiko kikunjike kidogo anapojisukuma. Mpwa wangu alikifunga kitandani, nami nikasubiri sebuleni nikilitazama pazia. Nilisikia mbao zikilia, kisha Mama akimwambia mjukuu wake amvute kama kawaida.

Niliuliza nikiwa upande wangu wa pazia. Mama alijibu kwamba kiko juu mno: bega linapanda, mkono hausukumi. Nilivitetea vipimo vyangu. Mpwa wangu akautetea utepe wake. Alipima tena, akapata hamsini na nane ile ile. Mama alitusikiliza kwa muda, halafu akaamuru kitanda kitolewe nje.

Wanawake wawili wa jirani walisaidia kukibeba. Kiliwekwa uani, mbele ya nyumba, jua likiwa limepanda. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani alisimama, kwani kwetu kitanda kikionekana uani watu hudhani jambo moja tu. Aliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

“Hesabu za mwalimu huyu,” Mama alisema, akiegemea fimbo yake. “Tua karai, ulie nasi kidogo.”

Kisha akaketi kitandani. Godoro lile la sponji, lililolaliwa miaka mingi, likabonyea chini yake. Nilichukua utepe, nikapiga goti, nikapima: arobaini na tisa. Nilipima mara ya pili, ingawa nilikwisha kuelewa.

“Mlipima kitanda kisicho na mtu,” Mama alisema. “Mimi nina uzito, Baba.” Huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la baba yake.

Nilizipunguza nguzo za kishikio sentimita tisa pale pale uani. Aliinuka mara tatu mbele yetu; mara ya kwanza kwa shida, mara ya tatu bila kunitazama. Yule wa omena alisubiri hadi mwisho ndipo akajitwika karai lake.

Jumamosi iliyofuata nilifika alasiri, nikakaa sebuleni. Nilisikia mbao zikilia tena, kisha fimbo sakafuni. Pazia lilisogea. Mama alinipita, akaishika kamba, akaenda, akarudi. Alipokwisha kuketi, mpwa wangu alimmiminia chai nusu kikombe, kama walivyozoea. Mama aliinywa yote, akakisogeza kikombe karibu na chupa ya chai.

“Jaza,” alisema.