Usimwite, Anasali
Juzi, kwenye zahanati moja karibu na Baleni, muuguzi pekee wa zamu aliingia stoo ya dawa na bakuli lake la mihogo, maana chumba cha kupumzikia hakuna. Kila alipoketi, mtu alipiga hodi. Mara ya tatu, bibi mmoja wa kwenye foleni akainuka, akasimama mlangoni.

"Anasali."

"Bibi, si Mkristo yule?" akauliza aliyepiga hodi.

"Kwani Wakristo hawasali, mwanangu?"

Foleni nzima ikatulia. Baadaye muuguzi akatoka akijifuta mdomo.

"Sala imepokelewa?" bibi akamuuliza.

"Yote, bibi. Asante."

Tangu hapo najiuliza: tunaojua kumsubiri anayesali, mbona hatuwezi kumsubiri anayekula, naye ndiye atakayetuchoma sindano?