Mama Vioo na Maandishi Mekundu

Mtaani walimwita Mama Vioo, maana hapakuwa na kioo cha simu kilichopasuka kikamshinda. Meza yake ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme, ndogo hata viwiko viwili havikuenea. Ufundi hakufundishwa na mtu. Simu ya kwanza, ya marehemu mumewe, aliifungua akaiua kabisa. Ya pili akaiua nusu. Ya tatu ikapona. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipokuja kuomba kujifunza, alimtupia simu mbovu: "Iharibu kwanza. Ukiiogopa haitakwambia kitu."

Lakini macho yakaanza kumsaliti, skrubu zikawa kama vumbi. Ndipo akasikia ofisi moja ya jirani, inayotengeneza programu za maduka, inatafuta mtu wa kujifunza kazi. Cheti awe nacho asiwe nacho, mradi ashinde jaribio. Kwenye kompyuta angalau herufi zinakuzwa. Akatafuta kompyuta iliyotumika, akaanza kujifunza kwa video.

Wateja wakipungua, alimfuata mwalimu wa video neno kwa neno. Mwalimu akiandika mstari, naye anaandika. Programu ikikubali, anatabasamu kama aliyejifungua salama. Ikigoma, kompyuta inatema maandishi mekundu. Kidole kinang'ang'ania kitufe cha kufuta mpaka ukurasa unabaki mweupe, kisha anairudisha video mwanzo. Zamani, kabla hajaondolewa shule akiwa darasa la tano, mwalimu alikuwa akilichora daftari lake kwa kalamu nyekundu, halafu analinyanyua juu darasa zima licheke. Rangi ile hakutaka kuiona tena.

"Shemeji, si usome kwanza inalalamika nini?" mdogo wa mumewe alimuuliza siku moja.

"Inalalamika nimekosea. Hilo silijui?"

"Simu ikigoma unaipima, unatafuta umeme umekatikia wapi. Huitupi jalalani."

"Chomelea nyaya zako hapo, profesa."

"Haya. Wenzio wanafuata nyuki wale asali, wewe unamfuata kasuku."

Shemeji alicheka peke yake.

Masomo yote aliyamaliza. Alitengeneza hesabu za duka, akatengeneza mchezo wa kubahatisha namba, vyote pacha na vya mwalimu. Hakuwahi kubadilisha hata namba moja aone itakuwaje. Alipoitwa kwenye jaribio alimkabidhi shemeji meza, bisibisi na wateja, mwenye duka akiwa shahidi. "Chukua. Mimi huku sirudi."

Ofisini alipokelewa na dada mmoja mpole. "Mama, programu hii inajumlisha bidhaa, ila tumeiharibu makusudi. Iendeshe, uone inasema nini, uitengeneze. Hata usipomaliza, tunataka tu kuona unavyotafuta."

Akaiendesha. Skrini ikajaa nyekundu. Kabla hajawaza, kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe, na mistari ikawa inayeyuka kutoka chini kwenda juu.

"Mama! Mbona unafuta?"

Yule dada akainama, akabonyeza vitufe viwili, programu ikarudi yote. "Usijali. Anza tena, taratibu. Soma mstari wa mwisho."

Mama Vioo akautazama. Maneno machache ya Kiingereza na namba moja. Namba ile ilikuwa inamwonyesha mstari wenye ubovu, lakini angejuaje? Hakuwahi kukaa na maandishi yale muda wa kunywa hata funda la maji.

"Nyumbani ukiona hivi huwa unafanyaje?"

"Nafuta."

Dada akamtazama kwa huruma. Huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. "Mama, sisi kutwa nzima tunashinda na hizi nyekundu. Ukizifuta, tutakupa kazi gani?"

Asubuhi yake alirudi kibarazani. Shemeji alikuwa kwenye kigoda. Hakumtania, na hapo ndipo alipojua kwamba habari zimemtangulia.

"Shemeji, meza..."

"Ulinipa mbele ya watu. Na mimi nina watoto sasa wanaoitegemea." Akasogeza ndoo tupu, akaigeuza. "Kaa hapo pembeni. Ukipata mteja wako nitakupisha."

Akaja mwanamke mwenye simu iliyopasuka. "Fundi yuko wapi?"

Mama Vioo alinyoosha mkono kuipokea. Mwanamke akampa shemeji.

Shemeji akaifungua, akakunja uso. "Pana giza humu. Hebu nimulikie, shemeji."

Akachukua tochi, akammulikia.