Mundu wa Mkono wa Kushoto

Nilikimbia Burundi nikiwa na hakika ya jambo moja tu: sitashika tena mundu. Ujana wangu wote niliinamia mpunga wa watu katika bonde la Imbo, na mgongo wangu unalijua bonde lile kuliko macho yangu. Mwaka 2010, nikiwa mlinzi wa mlango wa ghorofa moja Hillbrow, huku kusini kabisa mwa Afrika, nilianza kulipa ada ili nifundishwe kushika mundu. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini.

Chanzo kilikuwa hofu. Tangu wageni walipofukuzwa mitaani mwaka 2008, wanaume wengi tuliona afadhali tujue kupigana, ingawa waliosalimika siku zile walikuwa wale waliojua kukimbia. Mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Mchana alishona suruali Doornfontein, jioni alitufundisha karate katika ukumbi wa kanisa Troyeville, kando ya piano mbovu. Alikuwa na sanduku la miundu, na alituonyesha aina zake moja moja kama padri anayetoa vyombo vya misa. Kulikuwa na ule wa kawaida wa mpini wa mbao, ambao wakulima wa Kijapani waliugeuza silaha. Mwingine ulikuwa na mnyororo wenye chuma kizito mwishoni. Nikajiuliza ni mkulima gani anayefunga mundu wake kama mbuzi. Mwingine ulikunjwa ukaingia mfukoni. Na ule wa mashindano, wa alumini, uling'aa sana na haukuweza kukata hata mchicha. Huo ndio uliokuwa ghali kuliko yote.

Binti yetu alikuwa na miaka kumi na miwili, amezaliwa hapa hapa. Kiswahili alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza, na hakupenda nimfuate shuleni na sare yangu ya ulinzi. Hilo liliniuma, nikamdanganya. Nilimwambia kwetu nilifundishwa silaha tangu utotoni, mimi na ukoo mzima. Njia ya mwongo ni fupi: alisema atakuja kutazama mtihani wangu wa mkanda wa kahawia.

Jumamosi hiyo nilisimama mbele ya mtahini, mzee wa Kizungu, nimeshika mundu mmoja kila mkono. Hatua tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Ya nne inataka mkono wa kulia uvute mundu chini, kuja kwako. Hapo mkono wa kushoto ukautupa mundu wake sakafuni, kwa sababu tangu zamani kazi yake ni kushika mashina. Nikainama, nikashika hewa, nikakata, nikalaza fungu kando, nikashika tena. Nilivuna ukumbi mzima hadi ukutani, nikiizunguka piano, ndipo nikasikia ukimya.

"Bon, Papa," mwalimu alininong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, "ule mkono wa kushoto uliendaka wapi?"

Lakini mtahini alikuwa amesimama. Alisema hajapata kuona mtindo ule, akauliza ni wa chuo gani cha kale. Mwalimu alinikazia jicho ninyamaze, yeye atajibu. Mkanda ulikuwa mezani. Binti yangu alikuwa benchi la mbele. Nilitamani sana kutaja jina lolote lenye mlio wa Kijapani.

"Ni mpunga," nikasema kwa Kiingereza changu cha mlangoni. "Kwetu tunavuna hivyo. Nilikuwa kibarua."

Mtahini aliurudisha mkanda mfukoni mwake. Tulitembea kurudi nyumbani, mimi, binti yangu na aibu yangu, hadi tukasimamishwa na roboti nyekundu, ndivyo wanavyoiita hapa taa ya barabarani.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Sikuwahi kuwa mpiganaji."

Alijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, macho kwenye taa. "Mama aliniambia kitambo. Mimi najua ni mpunga."

"Sasa ulikuja kutazama nini?"

"Mama alisema wewe ulikuwa unakata kuliko wote. Nilitaka kuona."

"Na umeona?"

Alifikiri mpaka taa ikawa kijani.

"Uliacha mpunga kidogo," alisema, "pale nyuma ya piano."