Mara ya Tatu Haikuja

Kiti cha Ardis Torvik ni kile cha ubavuni mwa Lorna, karibu na hita, na hakuna mwanamke wa Elgsund asiyelijua hilo. Basi Jumanne ile Ardis aliposhuka ngazi za ukumbi wa chini ya kanisa, miwani imejaa ukungu kwa baridi aliyotoka nayo nje, aliivua, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena, na alichokiona kilimfanya atamani asingeifuta. Nadine amekaa. Kwenye kiti kile kile. Tena kajiachia, buti kavua, miguu kainyoosha kwenye hita, na mkasi wa Lorna uko mapajani mwake!

"Ardis, mpenzi, karibu!" Nadine akapaza sauti. "Njoo, kuna joto huku!"

"Asante," alisema Ardis, akaenda kukaa mwisho wa meza karibu na Muriel, pale ambapo mlango unavuja upepo.

Angefanya nini? Huko kwao mtu hasemi nipishe, kiti changu hicho. Mtu anakaa kwenye upepo, anavimba. Na Ardis alivimba haswa.

Huyo Nadine alikuwa amefika kiangazi kilichopita kutoka Louisiana, kusini kabisa mwa Marekani, akimfuata binti yake aliyeolewa na kijana wa hapo. Akapanga chumba juu ya duka la vyambo vya samaki. Mwanamke wa sauti kubwa, wa kukumbatia watu ovyo, wa kuitikia "Amina!" katikati ya mahubiri ndani ya kanisa la Kilutheri ambalo watu wake hata kukohoa wanakohoa kwa adabu. Ardis alikuwa amempa mwezi mmoja arudi alikotoka. Sasa ni Januari, na mtu yuko kwenye kiti.

Kila Jumanne wanawake hao wanashona blanketi za viraka za kupelekewa watu wenye shida nchi za mbali. Mikono inashona, midomo inafanya kazi yake.

"Hivi jamani mnaishije huku?" Nadine akaanza. "Leo nimetoka nje, nimevuta pumzi moja tu, pua ikaganda. Nikasema Yesu wangu, nimekufa nimesimama!"

"Hizi rasharasha tu, mama," alisema Muriel. "Baridi yenyewe bado. Mume wangu yuko ziwani tangu Ijumaa, kwenye kibanda chake juu ya barafu. Ana jiko, ana redio, ana kitanda. Nikamwuliza, baba, umehama au? Ananiambia anavua kwenye tundu alilotoboa kwenye barafu. Samaki mwenyewe sijamwona hata mkia."

"Labda anamalizia hukohuko," Lorna akasema.

"Au kaoa hukohuko," Nadine akadakia. "Nenda kachungulie kwenye tundu!"

Lorna akacheka. Akacheka mpaka mabega yakatikisika, mpaka akavua miwani akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa. Na hapo ndipo roho ya Ardis ilipochomwa, maana Lorna si mtu wa kucheka ovyo. Kicheko kile cha kuvua miwani Ardis alikipata kwa mara ya kwanza wakiwa wasichana kwenye mafundisho ya kipaimara, alipoigiza mchungaji anavyopiga chafya, na tangu siku ile kilikuwa chake. Walisimamiana harusini. Walizikiana waume. Kumbe kicheko chenyewe kinaokotwa na yeyote anayepita!

Sasa nieleze la chumba, maana bila hilo mtasema mwanamke mzima ananuna kwa ajili ya kiti.

Mwezi wa Oktoba walikuwa jikoni kwa Lorna wakisukuma lefse, zile chapati nyembamba za viazi, Lorna anasukuma, Ardis anageuza kwa kijiti chake kirefu. Lorna bila kuinua macho akasema, "Ardis, baridi hii njoo tukae wote. Kile chumba cha juu kipo bure. Kwa nini tupashe moto nyumba mbili, kila mtu na saa yake ukutani inamgongea?"

Moyo wa Ardis uliruka. Tangu mumewe Orville afariki, majira ya baridi kwake yalikuwa kitu cha kuogofya. Jua linazama mchana mchana, theluji inafika dirishani, na mtu unaweza kumaliza siku nzima hujasikia sauti yako mwenyewe. Ardis alikuwa ameanza kuzungumza na birika. Hilo hakumwambia mtu.

"Aa, hapana," alijibu. "Nitakusumbua bure."

Ndivyo alivyolelewa. Ndivyo walivyolelewa wote. Elgsund mtu akikukaribisha mara ya kwanza, unakataa, hiyo ni adabu. Akirudia, unakataa kwa kulegeza kidogo. Ya tatu ndiyo ya kweli, hapo unasema haya basi, kama si usumbufu, na unakula keki yako. Anayepokea mara ya kwanza anaonekana mlafi, na watu watamzungumzia mpaka theluji iyeyuke.

Siku ya ibada ya mavuno, wakiwa kwenye uwanja wa magari, Lorna akarudia. "Kile chumba nimekipiga rangi."

"Tuone kwanza," alisema Ardis. Yaani alilegeza kabisa! Jioni ile akashusha sanduku la kahawia kutoka darini, akaongezea nguo zilizokuwa zimebaki, na soksi za sufu, na Biblia yake ya maandishi makubwa, na kikombe chake cha buluu alichokizungushia gazeti. Akaliweka nyuma ya mlango, akaanza kungoja mara ya tatu.

Novemba ikapita. Desemba ikapita na Krismasi yake. Sanduku liko nyuma ya mlango.

Turudi ukumbini. Muriel alikuwa amekwisha kumimina kahawa, ile yao ya kupikwa na yai mpaka inakuwa safi kama chai, Lorna akaweka sindano chini.

"Jamani, niwaambie. Jumamosi Nadine anahamia kwangu. Kile chumba cha juu."

Ardis alijichoma sindano. Damu ikaingia kwenye kiraka cha njano.

"Tena kaniuliza sijamaliza hata kutafuna!" Nadine akapiga meza kwa furaha. "Kasema, Nadine, unataka uje ukae kwangu? Nikasema ndiyo! Kesho ukitaka!"

"Mara ya kwanza?" Muriel akauliza, kikombe kimesimama hewani.

"Mara ya kwanza nini?"

"Ulikubali mara ya kwanza?"

"Sasa ningesubiri nini, mama yangu? Kule juu ya vyambo nalala na kofia kichwani!"

Wanawake wakaangaliana. Ardis akabetua mdomo. "Kuna watu," alisema akiwa ameinamia kiraka, "hawakufundishwa hata kukataa."

Nadine alimtazama, kisha akainua sahani ya keki ya mdalasini iliyobaki kipande kimoja, akamsogezea. Kwa wema kabisa, lazima niseme ukweli. "Ardis, keki?"

"Hapana, asante."

"Haya," akasema Nadine, akampa Muriel.

Hata keki!

Siku zilizofuata sijui nianzie wapi. Nyumba ya Ardis na ya Lorna zinatazamana, katikati kuna shamba lililofunikwa na theluji, na mtu wa huku anaona taa za kule. Jumamosi dirisha la chumba cha juu likawaka. Ardis akafunga pazia. Akalifungua. Akaona kivuli cha Nadine kinacheza, mwanamke wa umri ule anacheza, na kivuli cha Lorna kimesimama mlangoni kinapiga makofi. Akafunga tena pazia, safari hii kwa pini.

Akatoka na koleo akachota theluji ya mlangoni, akachota na ya barabarani ambayo haikumhusu, akaitupa kwa hasira mpaka jasho likamtoka chini ya koti. Aliomba pia, maana Ardis ni mtu wa kuomba. "Bwana, najua wivu ni dhambi," alisema mbele ya birika. "Nitatubu. Lakini kwanza nisikilize, halafu nitatubu." Akamweleza Bwana habari za Nadine tangu kiangazi, hakuacha kitu. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe hana neno naye.

Jumapili akafika kanisani mapema akakaa kwenye benchi lao. Lorna akaja, Nadine nyuma yake, na kichwani mwa Nadine kofia nyekundu ya sufu yenye kishada.

Kofia hiyo Ardis aliifuma kwa mikono yake. Alimfumia Lorna mwaka ule mume wa Lorna alipokufa, usiku wote alikaa naye anafuma, kwa sababu hakujua la kusema. Ardis akaitazama mahubiri yote. Ukimwuliza yeye kwamba mchungaji alihubiri nini, atakwambia kishada.

Watu walipotoka alimshika Lorna mkono kwenye ngazi. Nadine alikuwa ametangulia kuwasha gari lipate joto.

"Ile kofia niliifuma mimi."

"Najua, Ardis. Yake ililowa, na nje kama unavyoona. Atairudisha."

"Aichukue tu. Kiti kachukua, chumba kachukua, wewe mwenyewe kakuchukua. Kofia ni nini?" Sauti ilimpanda, na Muriel aliyekuwa anapita akajifanya anatafuta glavu zake. "Chumba kile kilikuwa changu, Lorna!"

Lorna akamkazia macho. "Chako? Nilikuuliza."

"Uliniuliza mara mbili!"

"Ndiyo, mara mbili! Na mara mbili ukanikatalia!"

"Sasa si ungeuliza tena? Wewe ni mtoto wa hapa, hujui?"

"Najua," alisema Lorna. "Ndiyo maana. Hapana ya kwanza ni adabu, na ya pili ni adabu. Ya tatu je? Ya tatu ni hapana kweli, Ardis. Nilikuwa naiweka mdomoni kila Jumanne, mara ya tatu yangu, nakutazama unashona, halafu naimeza. Nikasema akinikatalia na hii, basi, sina pa kwenda tena. Bora nibaki na mbili zangu nijidanganye." Akafuta pua kwa glavu. "Nyumba ilikuwa kimya mno. Yule mwanamke nilimwuliza mara moja tu, akasema ndiyo. Hujui nilivyofarijika. Nilikaa chini nikalia, akadhani nina ugonjwa."

Ardis alijiona yuko kwake na birika, akamwona Lorna kwake na saa ya ukutani, theluji katikati, kila mtu na adabu yake. Miezi mitatu!

Kioo cha gari kikashuka. "Ardis!" Nadine akaita. "Nimepika supu ya kwetu, ya kamba na pilipili, itakutoa jasho! Unakuja kula?"

"Aa, hapana," mdomo wa Ardis ukajibu wenyewe, "msijisumbue."

"Haya!" Kioo kikapanda.

Lorna alimtazama rafiki yake kidogo, akangoja, kisha akashuka ngazi polepole, akazunguka gari, akaingia upande wa usukani. Hakuuliza tena. Taa za nyuma zikawaka.

Mama wee! Ardis aliruka zile ngazi, yeye mwenye goti bovu, akakanyaga barafu, akateleza, akashika mgongo wa gari, akaushika ubavu, akajikokota mpaka mbele, akagonga kioo kwa ngumi.

"Nakuja!" alipiga kelele, na watu wote wa Elgsund wakageuka. "Nakuja kula! Na nakuja kukaa! Nitalala kwenye chumba chako cha cherehani, nitalala jikoni, sijali! Sanduku langu liko tayari nyuma ya mlango!"

Kioo cha Lorna kikashuka. "Sanduku? Tangu lini?"

"Tangu uliponiuliza tunasukuma lefse."

"Si uliniambia tuone kwanza, siku ya mavuno?"

"Nilikuwa nimeshapanga nusu."

Lorna akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda Ardis hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipovua miwani.

Nadine hakuwa ameelewa hata chembe, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka kwa kuona wenzake wanalia. "Njoo uingie, mpenzi, utaganda," alisema, na kwa kuwa aliona goti lile, akaongeza, "Unataka ukae huku mbele?"

Ardis akamtazama Nadine, na kofia nyekundu, na kile kiti cha ubavuni mwa Lorna.

"Ndiyo," alisema. "Shuka."