Waya wa Shaba Nyuma ya Jiko

Emérence Kahongya alikuwa mfua nguo, na kama kuna mtu Butembo aliyemdharau kwa kazi hiyo, shauri lake. Shuka za watawa, makoti meupe ya wauguzi, suruali za wafanyabiashara wanaopanda ndege kwenda Dubai kununua vitenge, zote zilipita mikononi mwake zikarudi kwa wenyewe zimekunjwa na kunyooshwa kwa pasi ya makaa. Alikuwa amekimbia kijiji cha upande wa Beni, binti yake Elsa mgongoni na beseni kichwani. Mume alibaki huko, kaburini. Beseni lile ndilo lililowalisha.

Alipanga chumba kimoja mtaa wa Kimemi, katika kiwanja cha Papa Syauswa, tajiri wa maharage na mzee wa kanisa. Vyumba vilikuwa sita vya mbao, vimepangwa mstari mmoja chini ya paa moja refu la mabati. Mbele ya kiwanja kulikuwa na mashine ya kusaga unga, na nyuma ya mashine kulikuwa na groupe, yaani jenereta, maana umeme wa serikali katika mji ule watu waliusikia kwa jina tu. Groupe iliendesha mashine mchana, na jioni iliwasha taa za wapangaji. Papa Syauswa aliipenda sana sentensi moja: kwamba kwake hata mkimbizi analala penye mwanga. Aliisema sokoni, aliisema kanisani, na watu walimsifu.

Umeme huo uliwekwa na fundi mmoja aitwaye Phinées, mtu mkavu, mchache wa maneno, ambaye hajawahi kufunga waya nusunusu. Phinées alichimbia nondo ndefu ardhini nyuma ya jiko, akaifunga waya mnene wa shaba uliotoka kwenye mashine ukapita kwenye mabati hadi pale chini. Waya wa udongo, akauita. Akamweleza mwenye nyumba kwamba siku umeme ukitoroka njia yake, waya huo utaupokea na kuuzika ardhini kabla haujamfikia mtu.

“Papa Syauswa,” alimwambia wapangaji wote wakisikia, “ukipangisha courant, huu umeme, umepangisha na hatari yake. Hii waya haiwashake taa. Inachunga batu.”

Miaka miwili ilipita salama. Kisha wakaja wanunuzi wa shaba. Vita ilikuwa imegeuza kila kitu kuwa biashara. Malori yalikuwa yanaelekea mpakani na chuma chakavu, betri zilizokufa, nyaya za simu zilizong’olewa barabarani. Na Papa Syauswa alikuwa mfanyabiashara wa Butembo hadi kwenye kucha. Hakuvumilia kitu kilicholala. Gunia tupu alilikodisha, lori lake halikurudi tupu kutoka Kirumba hata siku moja. Mali ya kulala ni mali ya kufa, ndilo lilikuwa neno lake. Basi akasimama nyuma ya jiko, akautazama ule waya wa shaba, mnene, mwekundu, umekaa miaka miwili haujawasha hata balbu moja. Jumatatu asubuhi akaukata kwa koleo, mkono wake mwenyewe, akauviringisha na kuuza. Jioni akaita wapangaji waje waone: taa zinawaka kama jana. Mlikuwa mnadanganywa na fundi, akawaambia.

Sasa, waya mkubwa kutoka groupe ulipita chini ya paa bila bomba, na mtetemo wa mashine ulikuwa unausugua kwenye ukingo wa bati. Mpira wake ukaliwa polepole. Na waya wa kuanikia nguo, ule wa Emérence, ulifungwa ncha moja kwenye mti wa mkaratusi na ncha nyingine kwenye bati hilo hilo.

Siku ya kwanza ulipomuuma alidhani ni mdudu. Siku ya pili alirushwa hatua moja nyuma, beseni likamwagika. Wakamwita Phinées. Hakuugusa hata huo waya; alizunguka nyuma ya jiko, akaona nondo imebaki uchi, akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Alimwambia ni wajibu wake kurudisha shaba na kubadilisha waya wa paani, tena leo, wala si hisani kwa mtu. Papa Syauswa akamcheka kwa upole. Sheria gani? Mkaguzi yuko wapi? Kinshasa hata barua haifiki, na hawa wenye bunduki walioshika mji hawakuja kukagua waya. Phinées akaokota koleo lake akaondoka, akaapa hatafunga hata balbu pale hadi waya urudi. Akaletwa fundi mwingine, akazungushia kipande cha mfuko wa plastiki mahali mpira ulipoliwa. Plastiki! Mvua ya kwanza iliking’oa.

Emérence alikwenda kumwona mwenye nyumba mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri mavuno. Mara ya pili Papa Syauswa alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za Elsa, kisha akamwambia kwa sauti ile ile ya upole, “Mama Elsa, kama chumba haikupendeze, batu ya Mambasa banalala mu masomo na batoto yabo. Leo leo naweza pata mwengine.”

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomchoma Emérence. Wakimbizi wa Mambasa na kwingineko walikuwa wamejaa mjini, kila darasa lilikuwa na mikeka. Akarudi kwenye beseni. Alijichukia kwa kunyamaza. Afadhali angemtukana, aliniambia mwenyewe. Tusi lingekuwa na faida zaidi.

Mazoea yana tabu, wahenga hawakukosea. Wapangaji walizoea. Walijifunza kusikiliza: mashine ikinguruma, hakuna anayeanika, mashine ikinyamaza, kila mtu mbio na nguo zake. Wakaupa waya wa kuanikia jina, Bokilo, mkwe, kwa sababu mkwe hashikwi mkono. Wakacheka. Wakaligeuza jambo la kuua mtu kuwa utani wa uani, na Emérence alicheka pamoja nao.

Ndipo akaja Agar. Alikuwa kijana wa Kirumba, mke wa dereva wa lori aitwaye Précieux, ambaye, njia ilipofungwa na vita, alikwama ng’ambo ya pili ya mstari wa askari. Agar alikuja Butembo kumsubiri, akachukua chumba kilicho ubavuni mwa Emérence. Alikuwa na blauzi moja nzuri ya kijani, aliifua kila baada ya siku mbili ili mumewe akifika asimkute mchafu. Jioni ya kwanza Emérence alimwonyesha choo, kisima, na waya. Huyu ni Bokilo, akamwambia, usimsalimie kwa mkono. Agar akacheka sana. Emérence naye akacheka, akasema moyoni kesho atamweleza vizuri. Kesho yake alikuwa na shuka za watawa.

Ijumaa, siku tatu tu baadaye, Emérence alirudi kutoka kwa watawa akasikia mashine imenyamaza katikati ya mchana. Kulikuwa na manyunyu. Watu walikuwa wamesimama mbali na jiko, wanawake wameshika vichwa. Agar alikuwa chini, kwenye nyasi, macho wazi, kiganja cha kulia kimechorwa mstari mweusi. Blauzi ya kijani ilikuwa juu ya waya, imeanikwa upande mmoja. Walimbeba ndani. Na kabla Emérence hajamaliza kumfunga kitambaa kichwani, alisikia ngurumo. Mashine imewashwa tena! Mihogo ya watu ilikuwa foleni.

Papa Syauswa alitoa kila kitu. Jeneza la mbao nzuri, mchele, sukari, turubai la kuwafunika waombolezaji. Kesho yake alitoa hata umeme, ili kwaya ya kanisa iimbe kwa vipaza sauti, na groupe ikawa inanguruma kwa heshima ya marehemu. Wazee walimshika mkono mmoja mmoja. Wasingya, Papa Syauswa, wasingya kutsibu, walimwambia, yaani ahsante sana, na yeye akainamisha kichwa. Emérence aliyaona hayo akiwa amekaa karibu na jeneza, na kila wasingya ilimpata kama kofi.

Kwetu maiti haendi kaburini kimya. Mtu wa karibu husimama, husoma maisha ya marehemu, na mwisho husema kilichomuua, ili ndugu wasibaki kunong’ona. Agar hakuwa na ndugu pale. Njia ilikuwa imefungwa. Mchungaji Muyisa akaamua jirani wa chumba ndiye asome. Papa Syauswa, mwema kama kawaida yake, alikuwa ameshaandika karatasi. Akampa Emérence mkononi, akamnong’oneza kwamba wakimaliza wataongea habari ya chumba chake, kwamba anaweza kukaa hata miezi bila wasiwasi. Karatasi ilisema moyo ulisimama kwa huzuni ya vita.

Moyo! Moyo husimama kwa kila anayekufa, hata wa kuku. Emérence alisimama. Alimtazama Elsa aliyekaa mkekani na wanawake, akafikiria mikeka mingine, ile ya darasani. Akasoma vizuri jina la Agar, la baba yake, la mama yake, la mumewe. Alipofika kwenye sababu ya kifo, akaacha kusoma. Kwaya ikamsubiri. Akaikunja karatasi mara nne, kama leso ya mteja, akaiweka juu ya jeneza.

Waya ulikuwa pale pale nyuma ya watu, kati ya bati na mkaratusi, unadondosha matone. Blauzi ya kijani ilikuwa bado inaning’inia. Tangu jana hakuna mtu aliyethubutu kuitoa.

“Papa Syauswa,” akasema, na kipaza sauti kikapeleka sauti yake hadi barabarani, “hatuwezi kumuzika Agar na kuacha nguo yake inje. Njo ile alikuwa anachungia bwana yake. Weye njo mwenye kiwanja. Utuletee ile blouse, tumuwekee.”

Watu wote wakageuka kutazama waya. Papa Syauswa akainuka, kwa kuwa mzee wa kanisa hawezi kukataa jambo dogo hivyo mbele ya jeneza. Akapiga hatua nne. Hatua ya tano ikamshinda. Akasimama, mikono imeshikana nyuma ya mgongo, akamtafuta kwa macho mtu wa mashine.

“Zimisha kwanza groupe,” akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini kila aliyekaa chini ya turubai alisikia. Mchungaji alisikia. Wale wazee wa wasingya walisikia, wakatazama viatu vyao.

Emérence hakuwa na haraka. “Juu ya nini tuzimishe, papa?” akauliza. “Karatasi yako inasema ni moyo.”

Manyunyu yalimwangukia Papa Syauswa kwenye koti, na alibaki amesimama hivyo, mbali na waya kwa urefu wa kitanda, mpaka mchungaji mwenyewe alipokwenda kuzima groupe. Vipaza sauti vikakata. Hapo ndipo Emérence alipokwenda, akaitoa blauzi, akaikamua, na wakamzika Agar nayo ikiwa mbichi, kwa sababu hakuna aliyetaka kungoja ikauke mahali pale.

Hakuna polisi aliyekuja wala hakimu, tusidanganyane. Lakini Jumapili baada ya ibada mchungaji Muyisa na wazee walimfuata Papa Syauswa nyumbani, na Jumatatu Phinées alikuwa kiwanjani na waya mpya wa shaba. Akaufunga nyuma ya jiko, kwenye nondo ile ile, akabadilisha waya wa paani na kuupitisha ndani ya bomba. Emérence alikuwa anafua karibu naye. Phinées alipomaliza kazi yote akafunga mfuko wake, na mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, akasema kwa upole kwamba sasa wapangaji wake watakuwa salama.

Emérence alitazama beseni lake. Phinées alipoanza, yeye alikuwa ameloweka shuka mbili. Ya pili alikuwa bado hajaisuuza; kazi yote ile haikuchukua hata muda wa kufua shuka mbili.