Moja Kati ya Tano

Siku yangu ya kwanza kazini Busia, Mkutubi Msimamizi alinipa kalamu nyekundu kabla hata hajanikaribisha kiti. Chuo kikuu kilikuwa kimefungua chumba cha kusomea pale mtaa wa Burumba kwa walimu waliosoma kwa posta, nami nilitumwa kupima kama mafunzo yetu ya kutumia maktaba yanawafaa. Unatoa mtihani kabla ya mafunzo, mwingine baada, kisha unalinganisha. Swali linataja mada, mwanafunzi anaandika nambari ya rafu ambako vitabu vya mada hiyo hukaa.

"Kijana, fuata mwongozo wa majibu," alisema Msimamizi. "Ukianza kufikiria, utapendelea watu."

Nilitii kupita kiasi. Sijivunii.

Mwanafunzi wetu bora alikuwa Mwalimu Apio wa ng'ambo, upande wa Uganda, wakati wanajeshi wakitawala huko. Kila Jumamosi alivuka na mumewe, ambaye alimsubiri mlangoni akisoma gazeti. Nambari alizijua kwa kichwa. "Boss, wewe bado unaangalia kadi?" alikuwa akinitania. Kisha Jumamosi mbili zikapita bila wao. Mtihani wa pili nikampelekea kupitia kwa Haji, dereva wa lori aliyekuwa akivuka mpaka kwa njia ya Malaba.

Haji alirudi na bahasha iliyofunguliwa na kubandikwa upya.

"Hiyo ni askari wa rodibloku, wanasoma kila kitu," alisema. "Lakini mama amesema usome vizuri. Amerudia mara mbili."

Nilisoma vizuri, kwa mwongozo. Swali la kwanza sawa. La mahindi, kosa. La ushonaji, kosa. Mengine mawili, kosa. Nikaandika moja kati ya tano kwa wino mwekundu, na kwenye ripoti nikasema mafunzo hayakumfaa. Msimamizi alinisifu.

Tangu wiki ile droo ya kadi za nambari mia tatu na kuendelea, za mambo ya jamii na serikali, ilikataa kufungwa. Jioni naisukuma, asubuhi naikuta wazi.

"Mimi sishiki hiyo droo, mwalimu," alisema Mama Nekesa, mfagiaji wetu. "Nikifagia hapo nasikia baridi."

Nikamwambia mbao zimevimba kwa mvua. Kilikuwa kiangazi.

Mwezi wa tatu wa hali hiyo hasira zilinipanda, nikaichomoa droo nzima niipake nta ya mshumaa. Kadi zikamwagika. Iliyoangukia kiatu changu ilikuwa 355, nambari niliyokuwa nimeikata kwenye karatasi ya Apio. Nikaileta karatasi, nikatafuta kwenye kadi majibu yake manne ya kosa kama tulivyomfundisha yeye. 355, jeshi. 301.42, ndoa. 365, magereza. 361, misaada.

Nikazisoma kwa mfuatano. Wanajeshi wamemchukua mume wangu, yuko gerezani, nisaidieni. Askari walisoma nambari tu. Mimi pia.

Haji alikwenda siku ileile. Aliporudi hakutaka kukaa.

"Nyumba iko wazi, boss. Jirani anasema wanajeshi walikuja kumchukua na yule mama. Kila siku mama alikuwa anamuuliza huyo jirani, 'Maktaba imejibu?'"

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikapanda vyeo. Vijana wa maktaba wakija hapa nyumbani kwangu Mundika kuniuliza habari za upimaji, nawaonyesha karatasi ile. Siku niliyostaafu nilijaribu kuifuta ile moja niandike tano, nikaishia kutoboa karatasi. Naiweka kwenye droo ya meza yangu. Nilikuwa nikiifunga droo hiyo kila jioni, asubuhi naikuta wazi. Siku hizi naiacha wazi mwenyewe.